Mikonge Ishirini na Saba

Siku mbili kabla ya mbuzi watatu wa ntheo, wa kumchumbia binti yake, kufika, Mzee Kivuva alikuta mikonge ishirini na saba imepandwa shambani mwake, na si yeye aliyeipanda.

Ilikuwa miche midogo, imesimama kwa mstari ulionyooka kutoka kwenye mwamba mkubwa wa mtoni hadi njia ya ng'ombe. Mzee aliihesabu akielekea juu, akaihesabu tena akishuka. Binti yake Syombua, akirudi kutoka kufundisha watoto wa nasari, alimkuta amesimama mwisho wa mstari na kofia mkononi. Alijua mara moja kwamba mambo yameharibika. Baba yake hakuwa mtu wa kuvua kofia juani.

"Hesabu," Mzee alisema bila kugeuka.

"Nihesabu nini, Baba?"

"Hii mikonge. Mimi nimepata ishirini na saba. Wewe ni mwalimu, labda utapata ingine."

Syombua alihesabu kwa macho. "Ni ishirini na saba. Nani amepanda?"

"Uliza vizuri. Uliza ni nani ameanza kunikatia shamba kabla sijanusa hata mkojo wa mbuzi zake."

Huko chini ya Matiliku, mtu hapandi mkonge kwa mstari hivi hivi. Mstari wa mkonge ni mpaka. Ndugu wawili wakigawana shamba la marehemu baba yao, wazee huja, mikonge ikapandwa, uji ukanywewa, na maneno yakaisha. Hata yule mtoto wa nasari anayeandika tano kichwa chini angekuambia mstari ule ulisema nini: upande huu ni wa Kivuva, upande ule si wake tena. Na upande ule ndio uliokuwa na mwamba.

"Ndolo hawezi," Syombua alisema, akimtetea mchumba wake. "Lazima kuna sababu."

"Sababu iko. Unaikalia."

Syombua alikuwa ameketi juu ya mwamba ulio mwisho wa mstari. Akainuka haraka kana kwamba umemchoma.

Hapa lazima niwaeleze kuhusu huo mwamba, maana uliwatesa watu watatu kwa mpigo. Ndolo alikuwa kijana wa Mbooni, kule juu kwenye baridi na migomba. Kanisa moja lilikuwa limemleta mwezi wa pili, mwaka huo wa 1985, akiwa na baiskeli na mifuko ya simiti, aje awafundishe watu wa chini kujenga ukuta kukata mto mkavu. Ukuta unazuia mchanga, mchanga unaficha maji, na hata jua la mwezi wa tisa haliyafikii. Ndivyo alivyoeleza, akichora kwa kijiti, na akina mama wa mwethya, ambao hulimiana mashamba kwa zamu, walikuwa tayari na majembe begani. Njaa ya mwaka uliopita, ile iliyoitwa Nikw'a Ngwete, yaani nakufa nimeshika pesa, ilikuwa bado imewakaa mifupani. Lakini ukuta wa namna hiyo unataka mwamba usio na ufa, na mwamba wa namna hiyo ulikuwa mmoja tu. Mzee Kivuva, ambaye pia alikuwa mzee wa kanisa, alikuwa ameukatalia mara tatu.

"Mungu aliweka huu mto ukiwa mkavu," alisema mbele ya mkutano. "Angetaka ulale na maji, angeujaza mwenyewe. Sisi ni akina nani tumsahihishie kazi?"

Mwezi uliofuata, Ndolo alituma wazee wake kwamba anamtaka Syombua.

Ukiyapanga mambo hivyo, moja baada ya jingine, yanaonekana vibaya. Syombua hakuwa ameyapanga hivyo mpaka mchana huo. Sasa alianza, na moyo ulioanza kazi hiyo haupumziki. Alikumbuka siku ya kwanza. Alikuwa akifua nguo, Ndolo akateremka kwenye baiskeli, akauliza, "Huu mwamba ni wa nani?" Jina lake aliliuliza baadaye. Alikumbuka yale macho yaliyomfanya asilale wiki nzima, macho yaliyotulia, yenye kiu. Yeye alikuwa amekaa hapa. Mwamba ulikuwa nyuma yake. Yalikuwa yakimtazama nani?

Alimpenda Ndolo. Hilo halikuwa na shaka, na ndilo lililomtia hofu. Kwa Wakamba, mbuzi wale watatu si mahari. Ni neno lenyewe. Siku ile beberu atakapochinjwa nyumbani kwao, Syombua angehesabiwa mke wa mtu, hata kama angelala kwa mama yake mwaka mzima. Na siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Leo ni Alhamisi.

Nyumbani, mama yake Kaluki alikuwa akipukuchua mbaazi. Alisikiliza habari yote bila kuinua kichwa.

"Mwaitu, wewe unaonaje?"

"Mimi nachota maji, mwanangu. Mtu anayetaka kujenga ukuta simwoni mbaya."

"Hata akiujenga kupitia mimi?"

Kaluki aliacha mbaazi. "Atakuja leo?"

"Alisema saa tisa."

"Basi muulize. Lakini ukimuuliza, mwangalie mikono. Macho ya wanaume yamesomeshwa. Mikono haijasoma."

Saa tisa kamili Ndolo alifika mtoni akisukuma baiskeli mchangani, gunia limefungwa nyuma. Alikuwa mrefu, mwembamba, na vidole vyake vilikuwa na mipasuko myeupe ya simiti ambayo hakuna mafuta yaliyoiweza. Alipomwona Syombua alitabasamu lile tabasamu lake la upande mmoja.

"Mwalimu. Leo hujaniletea hata maji?"

"Ndani ya gunia kuna nini?"

"Mikonge. Imebaki kama kumi hivi." Aliangalia mstari, akafurahi kama mtu aliyeona kazi yake. "Umeona ile nilipanda jana? Nilitoka usiku na mwangaza wa mwezi kule Sultan Hamud, nikaipata bure kwa shamba la mzungu wa zamani."

"Nimeiona. Baba pia ameiona. Ameihesabu."

"Amefurahi?"

Syombua alicheka, na kicheko hicho hakikuwa na raha ndani yake. "Ndolo, hivi wewe ni mjinga ama unanifanya mimi mjinga?"

Tabasamu likaondoka. "Nimekosa nini?"

"Umekata mpaka. Kwa shamba la baba yangu. Jumamosi unaleta mbuzi, na Alhamisi umeshachukua fungu lako."

"Mpaka gani? Ile ni ya kushika udongo! Mvua ikija, maji yakishuka na udongo kutoka juu, ukuta utajaa matope badala ya mchanga. Kila mahali nimefanya hivyo."

"Huku mkonge kwa mstari ni mpaka."

"Kwetu Mbooni mpaka ni mawe."

"Na huku ni mkonge! Miezi saba umekaa hapa. Umekula kwetu. Hukuuliza hata mtoto?"

Ndolo aliweka baiskeli chini. Ilikuwa wazi kwamba hakuwa ameuliza hata mtoto.

"Nyinyi watu wa kutengeneza dunia," Syombua alisema, na sauti ikaanza kutetemeka, "mnakuja na simiti na kijiti. Mnajua kila kitu kinahitaji nini. Hamuulizi kama kina mwenyewe."

"Nitaing'oa. Leo hii nitaing'oa, na nitamwomba Mzee msamaha kwa magoti."

"Hiyo ni rahisi. Sasa niambie ile ngumu." Aliteremsha macho mpaka kwenye mikono yake. "Ulikuja kwangu kwa sababu ya mwamba?"

Mtu mwingine angeapa. Angeita mbingu, angemshika mabega. Ndolo aliiacha mikono yake pale pale, wazi.

"Siku ya kwanza, ndiyo," alisema. "Nilikuja kwa mwamba. Siku ya pili pia. Nilikuona nikafikiri, huyu ndiye binti wa mwenyewe, labda atanisaidia kumsemesha baba yake. Sitakudanganya."

"Na siku ya tatu?"

"Siku ya tatu nilikuwa nimeshapima, nimeshaandika, sina kazi yoyote upande huu. Nikarudi. Nilipanda baiskeli kutoka Matiliku na hilo jua, nikifika hapa sina hata neno la kusema. Nikakuuliza kama umeona kalamu yangu. Kalamu ilikuwa mfukoni, Syombua. Uliiona."

Alikuwa ameiona. Alikuwa amemsaidia kuitafuta nusu saa nzima. Kitu ndani yake kilitaka kumwamini, na kitu kingine kikamwambia kwamba hata huu ukweli mdogo ni chambo kizuri cha kufichia uongo mkubwa.

"Basi nionyeshe," alisema. "Kule chini kwa Ndululu kuna mwamba pia. Peleka ukuta huko. Jumamosi uje na mbuzi peke yake, mwamba wa baba yangu usitajwe tena."

"Ule una ufa. Maji yatapita chini. Akina mama watabeba mawe miezi minne halafu wapate ukuta mkavu."

"Kwa hiyo unakataa."

"Nakwambia una ufa."

"Nimekuuliza habari ya moyo, unanijibu habari ya mawe!"

"Jibu lingine sina kwa sababu hilo ndilo la kweli!"

Walikuwa wakipigiana kelele sasa, na ndiyo maana hawakumsikia Mzee Kivuva akishuka ukingoni. Alifika akasimama kati yao. Hakuitazama mikonge. Alikuwa akitazama shimo.

Kila mtu wa upande huo alilijua. Wakati wa kiangazi mchanga wa mto huchimbwa kufuata maji, na kadiri jua linavyozidi ndivyo shimo linavyozidi kwenda chini. Mwezi huo lilikuwa limefika kimo cha watu wawili. Aliyetaka maji alishuka kwa vidato vilivyokatwa kwenye mchanga wenyewe, akakaa chini na kata yake, akingoja maji yajikusanye.

"Kijana," Mzee alisema, "umewahi kuambiwa habari ya Muthoki?"

"Nilisikia, Mzee. Dada yake Syombua."

"Ulisikia alikufa. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Shimo lilimwangukia hapo hapo. Tulimchimba na sahani. Tulimchimba na mikono. Alipotoka bado alikuwa ameshika kata." Alivuta pumzi. "Kanisa lote likaja nyumbani likaniambia ni mapenzi ya Mungu. Nikashukuru. Wewe hujui vile nilishukuru. Kwa sababu lile shimo nililichimba mimi."

Syombua alijua hivyo. Wote nyumbani walijua. Lakini katika miaka saba hakuwahi kumsikia baba yake akilisema kwa mdomo wake.

"Miaka saba nimesimama juu ya hilo neno la mapenzi ya Mungu," Mzee aliendelea, na sauti yake ikapanda. "Halafu unakuja wewe na kijiti. Unachora mchangani dakika tano, akina mama wanaona kwamba haikuwa lazima mtu ashuke. Haikuwa lazima! Huo mwamba ulikuwa hapa wakati wote. Sasa mimi unataka nisimame wapi?"

"Pole, Mzee," Ndolo alisema. "Sikuuliza."

"Hamuulizi." Mzee alivaa kofia, akaiweka sawa. "Nitakupa mambo mawili, uchukue moja. Ukitaka ukuta, chukua mwamba. Nitaweka kidole gumba kwa karatasi leo. Lakini mbuzi zako zibaki Mbooni. Ukitaka msichana, lete mbuzi Jumamosi, na simiti yako uipeleke kwingine. Nikikupa vyote viwili, mpaka nife sitajua ulikuja kwa nini. Hata yeye hatajua."

Jua lilikuwa kali. Syombua aliangalia ile mikono. Ilikuwa imeiinua tena baiskeli, imeshika usukani. Alitaka asikie jina lake tu. Aibu ilimshika kwa jinsi alivyolitaka. Aliwafikiria akina mama wote wa mwethya, akamfikiria na mama yake mwenyewe, na bado akataka Ndolo aseme Syombua, na dunia ibaki ilivyo.

"Ukuta," Ndolo alisema.

Syombua alihisi kama mtu aliyekanyaga kidato kisichokuwepo. Basi ndivyo. Mwamba. Ulikuwa mwamba tangu mwanzo.

"Umesikia, Syombua?" baba yake aliuliza taratibu, na katika sauti yake mlikuwa na ushindi usiokuwa na furaha.

"Sijamaliza, Mzee." Mikono ya Ndolo ilikuwa ikitetemeka mpaka kengele ya baiskeli ikawa inalialia. "Nikimchukua bila ukuta, nitampeleka Mbooni anywe maji ya chemchemi, na mama yake abaki akishuka hapa. Na yeye atajua niliweza nikaacha. Siku moja shimo litamwangukia mtu, na mke wangu ataniangalia vile mnavyoniangalia sasa. Nyumba kama hiyo sitaiweza. Kwa hiyo ukuta ujengwe. Lakini si mimi nitajenga. Nitawaambia wamlete mtu mwingine, mimi wanipeleke Kitui, mbali, ili mtu yeyote asije kusema Ndolo alipata shamba hapa. Sitaki kitu chenu hata kimoja."

Alimgeukia Syombua. "Kalamu haikupotea," alisema. "Hilo tu ndilo naomba uniamini."

Kisha akaanza kusukuma baiskeli kwenye mchanga mzito, gunia la mikonge likiyumba nyuma. Syombua alitaka kumwita. Kwanza alitaka kuwa na hakika. Alitafuta hila katika maneno yale, akayageuza huku na huku kama mwanamke anayechagua maharagwe, na hakupata. Mtu aliyekuja kwa mwamba haondoki bila mwamba. Mtu aliyekuja kwa msichana haondoki bila msichana. Huyu alikuwa akiondoka bila chochote, akilia, na kujaribu kufuta uso kwa bega bila kuachia usukani.

"Nilikuambia alikuja kwa mwamba," Mzee Kivuva alisema.

"Mwamba uko hapa, Baba. Aliyeenda ni yeye."

Mzee alisafisha koo. "Basi. Na hiyo karatasi siweki kidole. Nilikuwa namtega tu. Mto utabaki vile ulivyowekwa."

Hasira aliyoitarajia Syombua haikuja. Kilichokuja kilikuwa kitulivu zaidi. Alivua viatu vyake vya kufundishia, akavipanga pamoja, akaokota mtungi uliokuwa umelazwa ukingoni.

"Unaenda wapi?"

"Mwaitu anataka maji ya jioni."

Akashika ukingo wa shimo, akaweka mguu kwenye kidato cha kwanza, kisha cha pili. Mchanga ulikuwa wa moto juu na wa baridi chini. Kidato cha tatu kilivunjika kidogo, na chembe zikateremka ukutani kwa sauti nyembamba, shh, kama mtu anayenyamazisha mtoto. Hata hivyo aliendelea.

"Syombua. Angalia hiyo pembe."

"Naiangalia."

"Mchanga umekauka sana leo. Toka."

"Siku zote uko hivi, Baba. Kila siku tunashuka."

Bonge la mchanga kama la ndoo moja lilitoka karibu na bega lake, likaanguka chini kwenye maji. Juu yake uso wa baba yake ulitokea; alikuwa amepiga magoti ukingoni, kofia imeanguka. Hakuwa mzee wa kanisa sasa. Alikuwa mtu mzima aliyeogopa.

"Toka humo! Toka, mwanangu, nakuomba!"

"Si ni mapenzi ya Mungu, Baba?"

Hakuwahi kumsemesha baba yake hivyo maishani, na alijua lilivyomwingia, maana Mzee alifumba macho kabisa. Midomo yake ilicheza. Syombua alingoja, mikono imeshika mchanga, akijiuliza kama amemvunja.

Ndipo mkono wa baba yake ukateremka, wenye mishipa, ukamshika kifundo cha mkono kwa nguvu ambayo hakujua bado anayo. Akamvuta. Alimtoa mzima mzima mpaka akalala kifudifudi juu ya mchanga wa moto, akilia, na mtungi ukabaki chini. Lakini Mzee hakungoja kumfuta mavumbi. Alikuwa ameshainuka. Alikuwa akikimbia kwenye mchanga wa mto, miguu mitupu ikizama, mtu wa miaka sitini na tano, akipiga kelele bila aibu.

"Ndolo! Wee Ndolo! Rudi hapa!"

Kule mbele baiskeli ilisimama.

"Rudi uje unionyeshe huo ukuta unaanzia wapi!" Mzee alisimama kushika mbavu, akahema, akapiga kelele tena. "Na uwaambie watu wenu Jumamosi watoke Mbooni mapema! Jua la huku si kama la kwenu!"